Mkuyu wa Asiyeweza Kusema

Mazungumzo ya redioni. Masomo: Luka 19:1-10 na Marko 7:31-37

Popote mlipo, ikiwa mko jikoni mkitayarisha chakula cha jioni, au dukani, au kitandani kwa sababu ya ugonjwa, karibuni tukae pamoja kwa muda mfupi tulitafakari Neno la Mungu. Mwenye Biblia na afungue Injili ya Luka sura ya 19, kisha aweke alama katika Marko sura ya 7.

Sisi tunaozungumza nanyi tumetoka upande wa Mukuyuni, huko Makueni, Ukambani. Kwa wale wasiojua Kikamba, Mukuyuni maana yake ni mahali penye mkuyu. Basi hamtashangaa mkisikia kwamba habari za Zakayo zinapendwa sana kwetu. Lakini yako mambo mawili katika habari hizo ambayo tulikuwa tukiyapita upesi, na leo tunataka tuyatazame vizuri.

La kwanza, Zakayo hakuzuiwa na ufupi peke yake. Luka anaeleza kwamba alishindwa kumwona Yesu kwa sababu ya umati wa watu, naye alikuwa mfupi. Kama umati ungalimpisha asimame mbele, ufupi wake usingalikuwa shida. La pili, mti ule ulimpa kitu ambacho mwili wake haukumpa. Naye Bwana alipofika chini ya mkuyu hakumlaumu kwa kutumia njia isiyo ya watu wote. Alisimama, akatazama juu, akamwita kwa jina lake, akaenda kukaa nyumbani kwake.

Leo tunasema juu ya ndugu zetu waliopungukiwa, si kimo, bali usemi. Tunauliza maswali mawili: Mkuyu wao uko wapi? Na sisi je, si ndio umati unaowazuia?

CHUNGU CHENYE KIFUNIKO

Ni akina nani hao? Wengine wana mtindio wa ubongo. Ubongo wao uliumia kabla ya kuzaliwa, au wakati wa kuzaliwa, au muda mfupi baadaye; kwa mfano mtoto alikosa hewa, au alipatwa na manjano makali, au homa ya uti wa mgongo. Anapotaka kusema, misuli ya kinywa na ulimi haimtii. Wengine wana usonji, na maneno huwajia kwa shida au hayaji kabisa. Wengine walisema vizuri miaka hamsini au sitini, wakafundisha, wakahubiri, kisha wakapigwa na kiharusi. Kwa watu wengi upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoshika kazi ya lugha. Upande huo ukiharibika, mtu aweza kujua kabisa anachotaka, lakini neno halimjii, au anataka kusema "maji," na kinywa kinatoa "mlango."

Zamani, na hata leo katika nyumba nyingine, watu wamesema ni laana, na mtoto akafichwa ndani. Ndugu, Yohana sura ya 9 inatosha kuifunga midomo hiyo. Wanafunzi walipomwuliza Bwana ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, Bwana alikataa kwamba ni yeye au wazazi wake.

Tena tujifunze kutofautisha. Kutamka ni kazi ya kinywa. Kuelewa, kutamani, kupenda, kuamini, hizo ni kazi za ndani. Chungu chenye kifuniko kizito si chungu kitupu. Wapo wanaoelewa mengi na wapo wanaoelewa machache, lakini huwezi kujua kilichomo kwa kutazama kifuniko.

LAWAMA YETU WENYEWE

Tutawaeleza habari moja tunayoijua vizuri, kwa kuwa lawama yake ni yetu. Katika kanisa moja tulilolitumikia kama wazee alikuwako binti wa miaka 17 mwenye mtindio wa ubongo. Mama yake alimleta kila Jumapili kwa kiti cha magurudumu, na njia ilipokuwa na matope alimbeba mgongoni. Hakuweza kutamka neno likaeleweka. Alipokuwa mdogo tulimpa peremende, na alipokuwa mkubwa tuliendelea kumpa peremende.

Mwaka mmoja mama akaja mbele ya baraza la wazee, akasema, "Wazee wetu, binti yangu anataka kubatizwa." Tukamwuliza, "Mama, umejuaje?" Akajibu, "Ameniambia." Tukatazamana. Mzee mmoja, mtu mcha Mungu na mwenye kuijua Biblia, akafungua Warumi sura ya 10, akatukumbusha kwamba mtu hukiri kwa kinywa. Sote tukaona neno lake lina uzito. Tukamwambia mama asubiri mwaka ujao. Mwaka uliofuata akarudi, tukamwambia vivyo hivyo. Siku ile alisema neno moja tu akaondoka: "Wazee wangu, mtoto huyu anasema. Ni sisi tusiojua kumsikiliza."

Kabla ya mwaka wa tatu, mzee yule aliyetufungulia Warumi 10 alipigwa na kiharusi. Mkono wa kuume ukalegea, na usemi ukaondoka. Tulikwenda kumwona. Tukakaa kando ya kitanda chake tukaongea na mkewe. Je, anakula? Analala? Ng'ombe wataangaliwa na nani? Tuliongea juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo. Machozi yakamtoka, tukasema, "Ni ugonjwa." Kisha mchungaji akamshirikisha Meza ya Bwana, naye akapokea mkate na kikombe.

Tulipokuwa njiani kurudi, mmoja wetu aliuliza swali lililotunyamazisha. Alisema, "Ndugu zangu, leo mzee wetu hawezi kukiri kwa kinywa. Mbona hatukumwambia asubiri mwaka ujao?"

Hakuna aliyejibu. Siku ile tulijua kwamba tulikuwa kama kuhani Eli. Katika 1 Samweli sura ya 1, Hana aliomba moyoni, midomo ikacheza lakini sauti haikusikika, na kuhani wa Mungu akamdhania amelewa. Bwana alikuwa amesikia. Aliyekosa kusikia ni mtumishi wake.

KIBAO CHA ZAKARIA

Basi tulianza kujifunza, na tulianza na Biblia. Mnakumbuka Zakaria, baba yake Yohana. Alipokuwa hawezi kusema, na jamaa wanataka kumpa mtoto jina la baba yake, aliomba kibao akaandika jina. Jamaa walistaajabu, lakini hakuna aliyesema kwamba neno la kibao si neno. Tazameni jambo hili: Yohana Mbatizaji alithibitishiwa jina lake kwa maandishi ya kibao, kabla ulimi wa baba yake haujafunguliwa. Mungu hakuona aibu kupitisha neno lake njia hiyo.

Vibao kama hivyo vipo hata leo, vya namna nyingi. Mwaka 1949 mtu mmoja aitwaye Charles Bliss, aliyezaliwa Ulaya na kukimbilia Australia baada ya kufungwa katika kambi za Wanazi, alitoa kitabu cha alama alizozibuni. Alitumaini kwamba mataifa yangeelewana kwa alama hizo na kuacha vita. Mataifa hayakumsikiliza. Lakini mwaka 1971, huko Toronto, Kanada, walimu wa watoto wenye ulemavu walizikuta alama zile, wakaziweka mbele ya watoto wasioweza kusema, na watoto wakaanza kuzionyesha na kutoa mawazo yao. Tena yuko Stephen Hawking, mwanasayansi wa Uingereza, ambaye mwaka 1985 alipoteza sauti baada ya kupasuliwa koo ili aweze kupumua. Aliendelea kufundisha na kuandika kwa msaada wa kompyuta iliyosema kwa niaba yake, mpaka alipofariki mwaka 2018.

Msiseme, "Hayo ni ya wazungu wenye mali." Huko Kilifi, katika pwani yetu, watafiti walifanya kazi na watoto 9 wenye shida kubwa ya mawasiliano pamoja na walezi wao, nyumbani kwao, wakitumia hasa vitu rahisi vinavyopatikana papo hapo. Taarifa yao ilitolewa mwaka 2014. Walezi walieleza kwamba mawasiliano na watoto wao yalikuwa yamesonga mbele, na kwamba kwa kiasi fulani watoto walishiriki zaidi katika mambo ya watu. Ni watoto wachache, wala hatujengi nyumba nzima juu ya jiwe moja. Lakini yatosha kutuonyesha kwamba mkuyu waweza kuota hata katika udongo wetu.

JINSI YA KUTENGENEZA

Mama yule wa kanisani alikuwa amefundishwa na mwalimu wa kituo cha kupima watoto wenye mahitaji maalum. Vituo hivyo vilianza katika Kenya mwaka 1984. Tukamwomba atufundishe na sisi, naye hakutukumbusha makosa yetu. Akina mama wa mwethya wakaleta maboksi ya karatasi ngumu, mikasi na gundi, na jioni moja tukakaa kama watoto wa darasa la kwanza. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Anza na ndiyo na hapana. Tafuta jambo ambalo mtu huyo aweza kulifanya bila taabu: kuinua macho juu iwe ndiyo, kugeuza uso kando iwe hapana. Kila mtu nyumbani afahamu alama hizo, na ziandikwe ukutani kwa ajili ya mgeni.

Kisha tengeneza kibao. Kata karatasi ngumu, bandika picha zilizochorwa au zilizokatwa magazetini, andika neno chini ya kila picha, na funika kwa plastiki inayopenya mwanga ili uji usiharibu. Anza na picha chache, hata mbili au nne, kisha ongeza. Usiweke chakula na choo tu, maana mtu si tumbo peke yake. Weka "naumwa," "naogopa," "nimefurahi." Weka picha za jamaa na za mchungaji. Weka "tuombe." Weka "sitaki," na "ngoja," na "umekosea," hata kama maneno hayo hayatakupendeza yakielekezwa kwako. Mtu asiye na njia ya kukataa hajapewa usemi bado.

Asiyeweza kunyosha kidole anaweza kutumia macho. Shika plastiki safi kati ya uso wako na wake, picha zikiwa pembeni, utaona macho yake yanakwenda wapi. Au pitisha kidole chako polepole juu ya picha, moja baada ya nyingine, naye ainue macho ukifika anayoitaka. Kwa mtu asiyeona, au anayeanza kabisa, tumia vitu vyenyewe: kikombe ni kunywa, leso ya mama ni safari ya kanisani. Mwenye simu ya kisasa aweza pia kuweka programu ya picha zinazotamkwa zikiguswa. Lakini simu huzimika, kwa hiyo kibao cha karatasi kisitupwe.

Wewe mwenyewe tumia kibao unaposema naye. Ukisema "tunakwenda kanisani," gusa picha ya kanisa. Mtoto hujifunza kusema kwa kusikia watu wakisema. Huyu naye atajifunza kibao kwa kuona watu wakikitumia.

Na kisha ungoje. Hili lilitushinda kuliko yote. Uliza, funga kinywa, hesabu moyoni polepole mpaka kumi, kisha uongeze kumi nyingine. Sisi wahubiri tunaogopa sana kimya.

Tunaongeza maonyo matatu. Usimshike mtu mkono na kuuongoza kwenye picha au herufi, maana hapo maneno yatakuwa yako, si yake. Usipige kelele masikioni mwake. Usemi umepungua, si masikio, isipokuwa akiwa kiziwi kweli, na viziwi wana lugha yao kamili ya ishara. Na mgonjwa wa kiharusi asipewe herufi tu ukadhani zitamtosha, kwa sababu mara nyingi kusoma na kuandika pia kumeguswa. Tena hutokea akasema "ndiyo" akiwa na maana ya "hapana," basi mwulize mara ya pili kwa kumwonyesha picha au kitu chenyewe.

Wazazi wengi huuliza, "Je, kibao hakitamfanya mtoto awe mvivu wa kusema?" Hapana. Wachunguzi waliokusanya habari za majaribio ya miaka mingi, wakatoa taarifa mwaka 2006, hawakumkuta katika majaribio yaliyo imara mtu aliyepungukiwa na usemi kwa ajili ya vifaa hivi, na wengi waliongeza maneno kidogo. Mkuyu haukumfanya Zakayo asahau kutembea. Bwana alipomwita, alishuka kwa haraka.

SIKU YA MASWALI

Sasa tuwamalizie habari ya binti. Mchungaji alimwita, akamwomba mama akae nje ili mtu yeyote asiseme kwamba mama ndiye anayejibu. Hatukuuliza maswali ya "ndiyo" peke yake. Mchungaji aliuliza, "Je, unataka kubatizwa kwa sababu mama yako amekuambia?" Akageuza uso kando: hapana. "Je, maji ya ubatizo ndiyo yanayoondoa dhambi?" Hapana. "Je, ni Yesu?" Akainua macho juu, akayaacha huko.

Mchungaji alikuwa anataka kuendelea na swali lingine, lakini mkono wa binti ulikuwa unajaribu kufika kwenye kibao. Uligusa "ngoja." Tukangoja. Tulisikia kuku nje na saa ya ukutani. Mkono ule ulichukua muda mrefu, ukateleza, ukarudi. Mwishowe uligusa picha yake mwenyewe, kisha msalaba uliochorwa kwa kalamu nyekundu, kisha nyumba. Mchungaji akasema, "Unataka kwenda nyumbani? Umechoka?" Kidole kikaenda kwenye "umekosea." Kisha tena: mimi, msalaba, nyumba. Mchungaji akauliza polepole, "Unasema kwamba kwa msalaba wewe una nyumba kwa Mungu?" Macho yakapanda juu.

Wapendwa, tumesikia watu wengi wakikiri kwa kinywa, na wengine walikuwa wamekariri maneno yetu wenyewe. Hatujui kama tulipata kusikia ungamo lililogharimu kazi nyingi hivyo. Alibatizwa mwezi uliofuata, wazee wawili wakimshika. Mzee wa Warumi 10 aliletwa akaketi mbele. Hakuweza kusema "Amina," basi aliinua mkono wa kushoto.

BWANA ALIANZA NA MIKONO

Fungueni sasa Marko 7. Injili hii ya Marko ndiyo Krapf aliyoitoa kwa Kikamba mwaka 1850, kwa hiyo habari hii ni miongoni mwa maneno ya kwanza ya Biblia kuandikwa kwa lugha yetu. Wanamletea Yesu mtu kiziwi mwenye utasi wa ulimi. Bwana anafanya nini kwanza? Anamtenga na umati. Kisha anatia vidole masikioni mwake, anagusa ulimi wake, anatazama mbinguni. Kabla ya kutamka neno la kuponya, Bwana alisema na mtu yule kwa mikono na macho, kwa njia ambayo kiziwi angeweza kuielewa.

Mwingine atasema, "Basi tuombe aponywe, tuache vibao." Tuombe, ndiyo. Lakini tusimfanye mtu anyamaze miaka yote huku tukingoja jibu la maombi yetu. Zakaria alifunguliwa ulimi, lakini kabla ya hapo alipewa kibao.

Nchi yetu pia imelitambua jambo hili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, Braille, au njia nyingine ya mawasiliano inayomfaa. Isiwe serikali imemfungulia mlango ambao kanisa limeufunga.

Kwa hiyo juma hili fanyeni jambo moja. Mkumbukeni mtu katika usharika wenu ambaye hupewa peremende lakini haulizwi swali. Nendeni kwake. Kaeni mahali atakapoona uso wenu. Salimieni yeye, si mlezi wake. Ulizeni jambo moja, kisha mngoje. Na aliye na mtoto asiyesema asimfiche. Ampeleke kituo cha kupima watoto kilicho karibu, aulize habari za vifaa hivi.

Tuombe. Ee Bwana, wewe uliyesimama chini ya mkuyu, utusamehe sisi tuliokuwa umati. Utupe masikio ya kusikia wasio na sauti, na subira ya kungoja mkono unaokwenda polepole. Uwafariji mama na baba wanaolea, na wagonjwa waliopotewa na maneno. Wajulishe kwamba wewe unasikia. Tunaomba katika jina la Yesu. Amina.

Mungu awabariki, mpaka tutakapokutana tena.